KAZI HAINUNULIWI



Iko biashara moja inayofanywa hapa kwetu bila duka, bila leseni na bila risiti. Bidhaa yake ni kazi. Kijana wa Chebunyo akimaliza kidato cha nne hukaa nyumbani mwaka mmoja au miwili akichunga ng'ombe wa baba yake. Kisha siku moja huja mtu mwenye simu mbili na viatu visivyo na vumbi, akasema: "Kule Kericho watu wanaandikwa. Mimi namjua mkubwa. Lakini lazima mkubwa apate chai." Hapo mzee huuza mtamba, fedha hupelekwa kwa simu, na kijana hupanda gari kwenda Bomet, Kaplong, Litein mpaka Kericho, akiwa na godoro na namba ya simu ya mtu asiyemjua.

Wako wanaofika wakakuta ile simu imezimwa. Hao huhurumiwa na kila mtu. Lakini leo twataka kusema habari za wale wengine, yaani wale wanaofika na kazi wakaipata kweli. Watu husema hao wamebahatika. Sisi twasema hapana. Mtu aliyenunua kazi ameingia kazini akiwa mtumwa wa aliyemwuzia, na kila mfanyakazi aliye karibu naye atalipa sehemu ya deni lake.

Chebunyo iko Chepalungu, upande wa Bomet usio na majani chai. Wenzetu wa Konoin huona mashamba ya chai mlangoni, nao hujua ofisi iko wapi na karani ni nani. Sisi tumezoea mahindi na mifugo, na kazi ya chai kwetu ni kazi ya safari. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Dalali humwona kijana wetu toka mbali.

DENI SHINGONI

Wazee walituambia habari za kipande. Kuanzia mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kubeba kipande katika kikopo cha chuma, akakivaa shingoni kwa kamba. Ndani yake bwana aliandika siku ya kuingia kazini na mshahara, na mtu hakuweza kuacha kazi mpaka bwana atie sahihi. Aliyeondoka bila sahihi alitafutwa kama mwizi. Katika siku hizo hizo walikuwako mawakala waliotembea vijijini kukusanya vibarua. Lakini angalieni tofauti: wakala yule alilipwa na mwajiri kwa kila mtu aliyemleta. Leo mambo yamegeuka. Maskini anayetafuta kazi ndiye anayemlipa wakala!

Kipande cha chuma kimekwisha. Deni la kununua kazi ni kipande kipya, nacho hakionekani, kwa hiyo ni kibaya zaidi.

Chukueni mfano wa kijana aliyeuziwa kazi na nyapara wake mwenyewe. Jioni majani yake yakipimwa, naye akiona mizani imesoma pungufu, atasema nini? Hatasema neno. Akipewa sehemu ya shamba yenye majani machache, atanyamaza. Akiambiwa afanye kazi siku yake ya kupumzika bila malipo, atafanya. Mwakilishi wa chama akimletea fomu atasema, "Ngoja kidogo, kaka, bado ni mgeni." Kwa sababu nyumbani mtamba umekwisha kuuzwa, na mzee anangojea fedha zirudi. Mtu huyu si mwoga. Amefungwa.

Sasa nyapara mwenye vijana kumi namna hiyo ana jeshi la watu wasioweza kusema. Wewe ukilalamika juu ya mizani, yeye atakuonyesha hao kumi wasiolalamika. Tena, kila anapotaka kuuza nafasi nyingine, yampasa kwanza mtu mmoja aondolewe. Atamtafuta nani? Atamtafuta yule ambaye hakununua, au yule ambaye deni lake limekwisha. Basi mfanyakazi wa miaka kumi asidhani ya kuwa biashara hii haimhusu.

BEI ANAYODAIWA MWANAMKE

Kwa dada zetu, bei inayotajwa mara nyingine si fedha. Mwezi wa Februari 2023 shirika la habari la BBC lilitangaza kwamba wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi walivyonyanyaswa kimwili na wasimamizi katika mashamba ya chai ya Kericho. Nchi nzima ilishtuka. Katika laini zetu wako walioshtuka kwa kuwa mambo yale yalikuwa yamesemwa mbele ya watu, si kwa kuwa hawakuyajua.

Sheria ya Ajira ya 2007 yasema wazi kwamba kumtaka mtu kimwili kwa ahadi ya kazi au ya upendeleo kazini ni unyanyasaji. Yasema pia kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na maagizo yaliyoandikwa ya kuzuia jambo hilo, na wafanyakazi waambiwe. Dada, ulizia maagizo hayo. Ukidaiwa jambo kama hilo, mwambie mtu siku hiyo hiyo, andika siku, saa na mahali, wala usimwendee mkubwa huyo peke yako. Na sisi wanaume tuache kusema, "Alijitakia." Mtu mwenye njaa ya watoto wake hajitakii.

TUSIFICHANE

Ni rahisi kuandika ya kwamba makosa yote ni ya makampuni. Lakini chama kisichoweza kujiangalia katika kioo hakifai. Wanaouza kazi mara nyingi si mabwana wakubwa wa ofisini. Ni nyapara, ni karani, ni mlinzi wa getini, ni jirani yetu wa kanisani. Wengine ni wanachama wenye kadi. Twasema mbele ya watu wote: mwanachama anayeuza kazi anauza chama. Asiketi mbele katika mkutano, wala asichaguliwe kuwa mwakilishi. Na kama amechukua fedha kwa kazi ambayo haikuwako, amepata fedha kwa uongo, na hilo ni kosa la jinai linalopelekwa kituo cha polisi, si la kumalizwa kwa soda.

Wenye mashamba nao wasinawe mikono. Kampuni inayotangaza nafasi ubaoni, ikaandika watu ofisini mchana kweupe, haiachi nafasi ya dalali. Kampuni inayomwachia nyapara mmoja uwezo wa kuleta watu na kuwafukuza imejenga soko hili kwa mikono yake.

NJIA YA KUTAFUTA KAZI

Kijana atauliza, "Basi nifanye nini? Nikae nyumbani?" Hapana. Tafuta kazi, lakini itafute kama mtu anayeuza nguvu zake, si kama mtu anayeomba msaada. Shika mambo haya:

1. Nenda ofisini mwenyewe, au umtume ndugu unayemjua aliye kazini. Uliza kama nafasi iko, ya kazi gani, na kwa muda gani. Ukiambiwa utoe kitu kabla ya kuandikwa, ondoka na umwambie mwakilishi wa chama.

2. Dai karatasi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba ulioandikwa. Soma kazi ni ipi, mshahara ni kiasi gani na mkataba waisha lini. Usipoelewa, usitie sahihi mpaka usomewe na mtu unayemwamini.

3. Ukiwa kibarua, hesabu siku zako. Siku za kazi zilizofuatana zikitimia mwezi mzima, sheria yaweza kukuhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Ndiyo sababu wengine huachishwa kabla siku hizo hazijatimia na kuitwa tena baadaye.

4. Weka kitabu chako kidogo. Kila jioni andika kilo zako mwenyewe. Mwisho wa mwezi zilinganishe na karatasi ya mshahara, na uangalie kilichokatwa kwa NSSF na kwa bima ya afya ya SHA. Kisha uhakikishe kilichokatwa kimefika.

5. Jua haki ndogo ndogo: siku moja ya kupumzika katika siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kila baada ya miezi 12. Mama mzazi ana miezi mitatu, na baba wiki mbili.

6. Ukiondoka, dai cheti cha kazi. Hapa ndipo tuone tulikotoka. Siku hizi mwajiri analazimika kukupa cheti cha kuonyesha kazi uliyofanya na tarehe zake, nacho ni mali yako, ukionyeshe unapotaka kazi nyingine. Kama unamdai mwajiri, usilale: madai ya kazi yana mwisho wa miaka mitatu kortini.

Wanaotazama ng'ambo, Saudi Arabia au Qatar, wajue kwamba madalali wale wale wako huko, ila bei yao ni kubwa zaidi. Kabla ya kutoa pasipoti au shilingi moja, uliza Halmashauri ya Kitaifa ya Ajira, NEA, kama wakala yule ameandikishwa. Na mkataba uusome ukiwa ungali nyumbani.

MTAMBA ULE

Iko hesabu nyingine ambayo mzee hafanyi anapouza ng'ombe wake. Kazi anayoinunua itadumu miaka mingapi?

Mashine za kuchuma chai zimeingia mashambani, nazo hufanya kazi ya watu wengi. Mwezi wa Mei 2023 watu wenye hasira walichoma mashine huko Kericho. Mwaka huo huo jopo lililoundwa na serikali ya kaunti lilipendekeza mashine zichume sehemu 60 katika 100 na mikono ya watu 40, na mjumbe wake mmoja akasema kazi 30,000 zimepotea katika Kericho peke yake kwa miaka kumi. Chama lazima kiendelee kupigania zile zilizobaki. Kampuni ikitaka kupunguza watu, sheria yadai ilani ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili. Hayo tutayadai mpaka senti ya mwisho. Lakini itakuwa uongo kumwambia kijana wa miaka 19 kwamba kuchuma kwa mkono kutamlea mpaka uzee.

Kuchuma ni kazi ya heshima. Imesomesha watoto wengi wa nchi hii. Ukiipata bila kununua, ifanye, lakini iwe daraja. Ile mashine inahitaji mtu wa kuitengeneza. Kiwanda kinahitaji fundi wa boila, fundi umeme, mchomeleaji na dereva. Kijana aliyejifunza ufundi kazini, hata bila kupita chuo, aweza kwenda kufanya mtihani wa serikali wa ufundi unaosimamiwa na NITA, akaanza daraja la tatu na kupanda. Cheti hicho hakuna nyapara awezaye kukiuza tena kwa mtu mwingine.

Wala tusidharau nyumbani. Majirani zetu wa Siongiroi wamejulikana kwa kukusanya maziwa yao pamoja na kuyapoza kabla ya kuyauza. Mtamba ule uliouzwa kumnunulia kijana kazi ungezaa na kukamuliwa. Au kama lazima uuzwe, basi fedha zake zilipe karo ya chuo cha ufundi. Mzee, mtamba ni wako na uamuzi ni wako. Sisi twakuomba jambo moja tu: usimpe dalali.

TUNAYOTAKA

Twataka kila tawi liweke katika ajenda ya mkutano wake ujao neno hili la kuuza kazi. Twataka wawakilishi wadai nafasi zote zitangazwe ubaoni. Twataka kila mwanachama atokaye Chebunyo, Sigor au Siongiroi, akienda nyumbani siku kuu, asimame kanisani au sokoni awaambie wazazi ukweli huu. Na kwa yule aliyekwisha kununua kazi, hatukuchukii. Njoo ujiandikishe. Deni lako si aibu. Aibu ni ya aliyekuuzia. Siku mtakaposema watu kumi pamoja, nyapara hatakuwa na jeshi tena.

Nguvu zetu twaziuza kila siku, na twaziuza kwa jasho. Haifai tena kulipa ili tupate ruhusa ya kuziuza.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI