Jicho Limefunguliwa, Daftari Limefungwa: Neno Juu ya Simu ya Kamera

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, uko mjadala ambao baraza za misikiti yetu hapa Mwanza zimeurudia kwa miaka mingi bila kufika mwisho, nao ni huu: je, simu yenye kamera ni halali au ni haramu? Kundi moja husema ni haramu, kwa kuwa ndani yake mna picha. Kundi la pili husema ni chombo tu, wala chombo hakina dhambi. Mimi nasema makundi yote mawili yamekosea njia. Yote mawili yamekaa kukihukumu kifaa, ilhali watu ambao haki zao zimo ndani ya kifaa hicho hawana wa kuwasemea.

Simu ya kwanza ya aina hii niliyoishika ilikuwa Nokia 6600, iliyotangazwa na kampuni yake mwaka 2003. Mwenyewe alikuwa baba yangu mdogo, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kijana wa leo ataicheka. Kamera yake ilipiga picha ya nukta 640 kwa 480, ambayo haifiki hata theluthi ya megapikseli moja, na memori kadi iliyokuja nayo ilikuwa ya megabaiti 32. Lakini ndani yake mlikuwa na kalenda, orodha ya kazi za kufanya, mahali pa kuandika kumbukumbu, kengele ya kuamshia, na Bluetooth ya kurushia mambo hayo kwa mwenzio aliye hatua chache kutoka ulipo. Basi mtu alikuwa ameshika vitu viwili katika kiganja kimoja: jicho na daftari. Nataka kuonesha kwamba sisi tumelifungua jicho na kulifunga daftari, ilhali dini yetu inatuelekeza kinyume cha hivyo.

KISA CHANGU MWENYEWE

Nisianze na makosa ya watu wengine. Mwaka 2005, nikiwa kijana wa madrasa, palikuwa na harusi mtaani kwetu Nyakato. Baba mdogo alinipa simu yake nimpelekee mama mdogo upande wa wanawake, kwa kuwa kuna mtu wa Bukoba aliyetaka kusema naye. Nilifika mlangoni saa ile bibi harusi amefunuliwa, naye yuko baina ya wanawake wenzake, kichwa wazi, kwa amani kamili. Sikubisha hodi. Niliinua simu kana kwamba naangalia saa, nikapiga picha moja.

Usiku ule niliwaonesha wenzangu wawili. Mmoja akaniomba nimrushie, nami nikamrushia. Haikupita wiki, picha ile ilikuwa imekwishaonekana Igoma na Mabatini, na shemeji yake bibi harusi aliiona katika simu ya mtu asiyemjua. Binti yule aliacha kuja darsa ya wanawake kwa miezi mingi.

Baba mdogo alipojua, hakunipiga. Alinishika mkono mpaka kwa mzee wa binti yule, akaniambia nieleze mwenyewe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, haki yangu mimi nimekusamehe. Haki yake yeye siwezi kuisamehe mimi." Halafu akaniuliza: "Je, unaweza kuirudisha?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Baadaye binti aliniletea msamaha kupitia kwa mama yake, Allah amlipe kheri. Lakini msamaha wake haukuifuta picha katika simu nisizozijua.

Ndugu zangu, tumesoma kwa masheikh zetu kwamba dhambi baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba ya kweli, ama haki ya mja mwenzio haitoki shingoni mwako mpaka uirejeshe au akusamehe. Mwizi wa mbuzi aweza kumrudisha mbuzi. Aliyeiba sura ya mtu atarudisha nini?

WANAOSEMA NI HARAMU

Nawageukia wa kundi la kwanza. Wamesoma, nao nawaheshimu. Wanajua kwamba wanazuoni wamekhitalifiana katika picha ya kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuiruhusu. Sheikh Ibn Baaz (aliyefariki 1999) aliikataza isipokuwa kwa dharura. Sheikh Ibn Uthaymin (aliyefariki 2001) aliona kuwa kunasa kivuli kwa kamera si sawa na kuchora kwa mkono, lakini hukumu yake hufuata makusudio. Khitilafu hii ni ya kielimu, na kila mmoja ana dalili zake.

Lakini nawauliza: yuko wapi mwanachuoni hata mmoja aliyehitalifiana na mwenzake juu ya kuchungulia? Aya ya 27 ya Suratun Nuur imetuamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu. Aya ya 12 ya Suratul Hujuraat imekataza kupelelezana. Na katika Hadith ya Sahl bin Saad (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia katika tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume ana kitana cha chuma mkononi. Mtume alimbainishia kwamba lau angelijua anachungulia, angelimchoma nacho jichoni, na kwamba idhini imewekwa kwa ajili ya macho.

Itazameni Hadith hii vizuri. Mtu yule hakuingia ndani wala hakuchukua kitu. Alitazama tu, na alichokiona kingebaki kichwani mwake peke yake. Seuze yule ambaye tundu lake linahifadhi alichokiona, na kukigawa mji mzima!

Basi tumetumia miaka katika mas-ala yenye khitilafu, na tumeyaacha yasiyo na khitilafu. Kijana aliyesikia darsa nzima kuhusu hukumu ya picha hakusikia hata neno moja kuhusu idhini. Akiona imamu mwenyewe ana simu ya kamera mfukoni, anasema moyoni kuwa mambo yamekwisha ruhusiwa yote.

Na marufuku tupu haikufaa kitu. Saudi Arabia ilizipiga marufuku simu za kamera, nazo zikaendelea kuingia kwa magendo, mpaka mwishoni mwa mwaka 2004 marufuku ikaondolewa. Mwaka 2007 ikatungwa sheria ya makosa ya mitandao ambayo ndani yake, kuingilia faragha ya watu kwa kutumia vibaya simu za kamera ni kosa lenye kifungo kisichozidi mwaka mmoja na faini isiyozidi riyali 500,000, au moja ya adhabu hizo. Walikiacha kifaa, wakamshika mkosaji. Hapo ndipo tulipopaswa kuanzia sisi.

WANAOSEMA NI CHOMBO TU

Kundi la pili hushika kanuni mashuhuri ya fiqhi kwamba asili ya vitu ni uhalali. Kanuni ni sahihi. Lakini wanaisoma nusu, kwa kuwa ziko kanuni nyingine pia: njia huchukua hukumu ya lengo lake, na njia inayopeleka katika uovu huzibwa.

Wanasema: kamera zilikuwepo tangu zamani, mbona hamkulalamika? Jawabu letu ni kwamba kamera ya zamani ilikuwa inaonekana. Uliingia studio kwa miguu yako, ukajiweka sawa, ukakaa kitini, ukajua unapigwa picha. Hata mpiga picha wa harusi, kila mtu alimwona na kamera yake shingoni, na asiyetaka alijifunika au alitoka. Simu ililificha jicho ndani ya kitu ambacho mtu angekishika kwa vyovyote vile. Huyu anayeinua mkono, je, anatazama saa, anasoma ujumbe, au ananasa sura yako? Huwezi kujua. Mimi mwenyewe nilijificha kwa ujanja huohuo pale mlangoni.

Wanasema: nilimpa rafiki mmoja tu. Ukimpa rafiki embe moja, linakutoka mkononi. Ukimpa picha, mnakuwa nayo wawili, na kila mmoja wenu anaweza kuwapa mia bila yake kupungua. Zama za Bluetooth ilibidi wawili wakaribiane. Leo mtu hutuma mara moja katika kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, nusu yao hawajui.

Wanasema: bibi harusi mwenyewe aliridhia kupigwa picha. Naam, yeye aliridhia. Je, na wale kumi na watano walioketi nyuma yake bila mitandio? Idhini ya mmoja haimfungi mwingine. Vikao ni amana, na mwanamke aliyevua mtandio wake kwa kuwaamini wenzake amekiweka kikao kile kuwa amana yake.

Na ajabu ni kwamba hata sheria ya nchi inatutangulia katika jambo lililo letu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaja haki ya faragha, na mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Je, Muislamu asubiri hakimu ndiyo ajue kuwa nyumba ya jirani ina mlango?

DAFTARI LILILOSAHAULIWA

Sasa tuje kwenye nusu ya pili ya kifaa, ambayo makundi yote mawili hayaizungumzi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu nini? Inahusu kuandika deni, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake na mashahidi wake. Na Hadith ya Ibn Umar (r.a.) inatufunza kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa.

Historia yetu imejaa jambo hili. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa kwamba wafalme wa nje hawapokei barua isiyo na muhuri, alijifanyia pete ya fedha kuwa muhuri; hakuikataa kwa kuwa ni desturi ya wengine. Umar bin al-Khattab (r.a.) aliweka rejesta za watu na haki zao, na ni katika zama zake kalenda ya Hijria iliwekwa, baada ya kuonekana usumbufu wa maandishi yasiyo na tarehe. Umma ulioanza na daftari na kalenda, leo unatembea na daftari na kalenda mfukoni, na hauzifungui!

Baba mdogo alizifungua. Alifariki mwaka 2011, ghafla. Tulipoiwasha simu yake ileile, tulikuta kumbukumbu zimepangwa: fulani wa Ukerewe namdai magunia matatu ya dagaa, fulani wa Igoma ananidai kiasi kadhaa, kilipwe mwezi wa saba, mashine ya kushonea ya mjane fulani iko kwangu, si mali yangu. Wanawe waliwaita wahusika na mashahidi, madeni yakathibitishwa, yakalipwa kwanza, ndipo mirathi ikagawanywa kama dini ilivyoamrisha. Hapakuwa na ugomvi. Upande wa picha mlikuwa na chache: mizigo ya dagaa, na risiti. Wanawe walinizawadia simu ile, nami ninayo hadi leo.

Hatusemi kwamba maandishi ya simu yanachukua nafasi ya mashahidi, la hasha. Tunasema kwamba yeye aliandika, na wengi wetu hatuandiki. Watu wa Ziwa hili tuna sababu ya ziada. MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 zilibeba watu waliowaaga jamaa zao kama tunavyoaga sisi. Ni wangapi kati yetu wanaopanda meli na simu yenye picha elfu mbili, na hakuna mstari mmoja unaosema nani anawadai?

TUFANYE NINI?

Nayasema haya kwa jamaa wa kila msikiti. Kwanza, katika kila harusi, kiwekwe kikapu mlangoni pa upande wa wanawake, simu ziingie humo, na mtoto wa kiume asitumwe ndani kabisa. Pili, asipigwe mtu picha ila kwa idhini yake, wala isitumwe kwa mwingine ila kwa idhini ya pili, kwani kuridhia kupigwa si kuridhia kusambazwa. Tatu, kabla ya kumpelekea fundi simu au kuiuza Makoroboi, mtu atoe memori kadi na afute kila kitu, kwani humo mna heshima ya mkewe na dada zake. Nne, aliyewahi kutuma picha ya mtu bila ridhaa yake, amwendee leo, aombe msamaha, na awafuate aliowatumia waifute. Tano, usiku huu kabla ya kulala, kila mmoja wetu afungue sehemu ya kumbukumbu, aandike anachodaiwa, anachodai na amana alizonazo, kisha amwoneshe mkewe au mtu mwaminifu.

Msiniulize tena kama simu hii ni halali. Niulizeni mmemwomba nani idhini, na mmeandika nini. Mzee yule wa Nyakato aliniuliza kama ninaweza kuirudisha. Swali hilo tutaulizwa sote, mbele ya Asiyefichwa na lolote.

Allah atusitiri aibu zetu, atuwezeshe kuwasitiri wengine, na atuondoe duniani hali ya kuwa hatuna haki ya mja shingoni mwetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.