Kivuli kwa Nyanya za Kitalu

Kiangazi cha kaskazini mwa Uganda, kuanzia Desemba hadi Machi, ni mtihani kwa familia iliyotia akiba yake katika kitalu cha nailoni. Nailoni hupitisha jua, kisha huzuia joto lisitoke. Joto likipita nyuzi 35 za Selsiasi, chavua ya nyanya huharibika na maua hudondoka. Mmea hubaki na majani mazuri yasiyolisha mtoto.

Wengi hudhani dawa ni maji. Maji ni ya lazima, lakini hayarudishi ua lililoanguka. Kinachotakiwa ni kivuli cha kiasi. Kwa nyanya, chagua wavu unaozuia asilimia 30 ya mwanga. Ule wa asilimia 50 wafaa miche na mboga za majani. Nyanya zikikosa mwanga hurefuka bila kuzaa.

Wavu utandazwe nje, juu ya paa. Ukiwekwa ndani hunyonya jua na kulitoa joto humo humo. Uinuliwe sentimita 30 juu ya nailoni ili upepo upite, na ufungwe kwa kamba imara. Madirisha ya kitalu nayo yafunguliwe tangu asubuhi.

Tundika kipimajoto kivulini, kwenye kimo cha maua, ukisome saa nane mchana. Mawingu ya mvua yakirejea, ondoa wavu.

Askari aendaye zamu amwonyeshe mwenzi wake namna ya kuufunga na kuufungua, maana jua halingoji likizo.