Ukinunua dizeli kuukuu Kanada, funga hita ya injini kabla ya redio

Kama viza yako imetoka na unaelekea Winnipeg, Edmonton au Saskatoon, najua unayowaza: nauli, nyumba, kazi na koti zito. Lakini kuna swali ambalo wengi wetu hatulikumbuki mpaka Januari itufikie. Asubuhi ya baridi kali, gari litawaka?

Maoni yangu nayasema wazi tangu mwanzo. Ukinunua gari kuukuu la dizeli huko, pesa za kwanza utakazotoa baada ya kulisajili ziende kwa hita ya injini. Si redio, si rimu, si vioo vyeusi. Hita kwanza, hayo mengine yatakungoja.

Najua kwa nini gari la namna hiyo litakuvutia. Huku kwetu sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, ndiyo maana magari bei yake iko juu. Kule utakuta Volkswagen Jetta ya dizeli ya 2002, au hata Mercedes 300D ya 1983, inauzwa na mwenyewe kwa bei poa, na injini bado ina nguvu. Halili mafuta sana, na likitunzwa litakuhudumia miaka mingi. Sikukatazi kulinunua. Ninachosema ni kwamba gari hilo lina adui mmoja, baridi, na adui huyo ana dawa.

Hita ya injini ni nini? Kama umewahi kukaa hosteli unaijua ile koili ya kuchemshia maji ya kuoga ndani ya ndoo. Hita ya injini inafanya kazi kama hiyo, ila ni ndogo, na inakaa ndani ya bloku ya injini ikigusana na kulanti. Waya wake unatokeza mbele ya gari. Ukifika nyumbani jioni unauchomeka kwenye soketi iliyo pale unapoegesha. Ndiyo maana ukipita kwenye maegesho ya Saskatoon wakati wa baridi utaona magari yamechomekwa kama simu. Ukimsimulia fundi wa Grogan atacheka, na ana haki ya kucheka, kwa sababu baridi ya Limuru mwezi wa Julai haijawahi kumlazimisha mtu kuchomeka gari. Kule kuna usiku wa Januari ambao kipimajoto hushuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri, na hata zaidi.

Wenyeji waligundua dawa hii zamani. Andrew Freeman, wa mji wa Grand Forks katika jimbo la North Dakota, Marekani, si mbali na mpaka wa Kanada, alipata hataza ya hita ya injini mwaka 1949. Kwa hivyo usiione kama urembo wa matajiri. Ni kitu cha kawaida, kama paa la mabati huku kwetu.

Sasa, kwa nini dizeli ndiyo inayoteseka zaidi? Injini ya petroli ina plagi zinazotoa cheche. Dizeli haina cheche. Inategemea hewa kubanwa ndani ya silinda, kwenye magari ya zamani hadi kama sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, mpaka hewa hiyo ipate moto wa kutosha kuyawasha mafuta yenyewe. Chuma cha injini kikiwa baridi kama barafu, kinafyonza joto hilo kabla mafuta hayajashika. Zile hita plagi ndogo ndani ya silinda husaidia kwa sekunde chache, lakini nazo zinakula moto wa betri. Na betri yenyewe, ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, hubaki na takriban nusu ya nguvu zake. Ongeza oili ambayo imeganda kama uji uliolala. Starta inahitaji nguvu nyingi zaidi, betri inatoa kidogo zaidi, na joto linaibwa na chuma. Mambo matatu yamekushambulia kwa pamoja, na ni saa kumi na moja alfajiri.

Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia ujanja wa nyumbani. Wa kwanza ni kusukuma. Msee, kwenye barafu viatu vyako vitateleza kabla gari halijasonga, na kama ni otomatiki hata usijisumbue. Wa pili ni ile dawa ya mkebe inayopulizwa kwenye njia ya hewa. Kwa dizeli yenye hita plagi, hiyo ni hatari. Plagi zikiwa zimeshika moto, dawa hulipuka kabla pistoni haijafika juu, na pistoni inaweza kuvunjika. Utakuwa umeokoa asubuhi moja na kuua injini. Wa tatu ni kuliacha gari linguruma usiku kucha. Unachoma mafuta bure, unaichosha injini, na kama liko ndani ya gereji iliyofungwa moshi unaweza kukuua wewe na walio ndani ya nyumba.

Hita inafuata njia nyingine. Inaandaa injini kabla hujagusa ufunguo. Kulanti inapata joto, chuma kinapata joto, oili iliyo karibu inalegea. Ukiwasha, injini inashika haraka, betri haichoki, oili inafika juu mapema, na hata joto la ndani ya gari linakuja upesi. Injini kuukuu huzidi kuchakaa kila inapowashwa ikiwa baridi sana. Kwa hivyo hita haikusaidii kuwahi kazini tu. Inarefusha maisha ya gari ambalo hutaki kulibadilisha mwaka ujao.

Kabla hujanunua hita, chungulia kwanza. Baadhi ya dizeli zilizouzwa Kanada zilitoka kiwandani na hita tayari, na huenda waya ndio uliokatika au kufichwa nyuma ya grili. Ukiupata, pima kwa mita. Umeme wa kule ni volti 120, si 240 kama wa huku, kwa hivyo hita nzima ya wati 600 itaonyesha takriban ohm 24. Mita isiposoma chochote, hita au waya umekatika.

Kama haipo, nunua ile inayoingia ndani ya bloku, na uiagize kulingana na aina ya gari, mwaka na injini yenyewe, maana matundu yanatofautiana. Ziko za kufunga kwenye mpira wa rejeta, na ziko za sumaku zinazobandikwa chini ya injini. Hizo ni rahisi kufunga, lakini ya ndani ya bloku ndiyo inayopeleka joto pale panapohitajika.

Kuifunga si uchawi, ila inataka utulivu. Injini iwe imepoa kabisa. Kulanti imwagwe kwenye chombo, si kwenye mtaro, kwa sababu ni sumu na ladha yake tamu huwavutia watoto na mbwa. Kwenye ubavu wa bloku kuna vifuniko vya duara vya chuma vilivyoziba matundu. Kimoja hutolewa, tundu linasuguliwa kutu yote, mpira wa hita unalainishwa, kisha hita inaingizwa na kukazwa bila koili yake kugusa chuma cha ndani. Waya unafungwa mbali na ekzosi, feni na mikanda. Kulanti inarudishwa, nusu kulanti na nusu maji, mchanganyiko ambao haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Halafu injini inawashwa, hewa inatolewa kwenye mfumo, na unakagua kama kuna mahali panapovuja. Baada ya yote hayo ndipo unachomeka. Ukichomeka hita ikiwa kavu, itaungua siku hiyo hiyo.

Kama hujawahi kushika spana, mlipe fundi, na umlipe Septemba. Ukingoja baridi ya kwanza ianguke utapanga foleni na wengine wote waliongoja.

Kuna watakaosema kwamba hita itamaliza stima. Tupige hesabu. Shifti yako inaanza saa kumi na mbili asubuhi na unatoka nyumbani saa kumi na moja. Weka taima iwashe hita saa nane usiku. Hita ya wati 600 kwa saa tatu inakula yuniti 1.8. Ukiichomeka tangu saa mbili usiku mpaka alfajiri, inakula yuniti 5.4, mara tatu ya hapo, na injini haitapata faida mara tatu. Taima na waya viwe vya kutumika nje, waya uwe mnene na wenye pini tatu. Ule mwembamba wa taa ya sebuleni utashika moto.

Pia sitaki nikuuzie hita kama dawa ya kila kitu. Dizeli ina nta ndani yake, na baridi ikizidi nta hiyo huganda na kuziba filta. Hita ya bloku haiwezi kuyeyusha mafuta yaliyoganda kwenye tangi. Kwa hivyo usiingie msimu wa baridi na mafuta uliyonunua wakati wa joto. Jaza dizeli ya msimu wa baridi mapema. Badilisha oili pia: ile 15W-40 tuliyoizoea huku ni nzito mno kule, tumia 5W-40 au 0W-40 kama kitabu cha gari kinaruhusu. Na betri iliyochoka haifufuliwi na hita. Ibadilishe.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naikubali. Kama unapokaa hakuna soketi karibu na maegesho, hita haina maana. Kuburuta waya kutoka dirishani, upite njia ya watu na ufike barabarani, ni kumtega mtu aanguke. Katika miji ya nyanda za kati, maegesho ya nyumba nyingi za kupanga yana soketi, na baadhi hupewa umeme kwa zamu, unawaka na kuzimika. Usidhani tu, uliza kabla ya kutia sahihi mkataba wa nyumba. Ukijibiwa kwamba hakuna, achana na dizeli kuukuu na utafute gari dogo la petroli. Hilo pia ni uamuzi wa busara.

Nimelisisitizia jambo hili kwa sababu ya kazi ambazo vijana wetu wengi huanza nazo kule. Ukiajiriwa kuwatunza wazee, usipofika saa kumi na mbili, aliyefanya kazi usiku kucha haendi nyumbani, na mzee anangoja kitandani, hajaoshwa wala kupewa chai. Bosi wako hajui wewe ni mgeni wa baridi. Anajua tu kwamba hukufika. Ukikosa mara moja utasamehewa. Ukikosa mara ya tatu ukiwa bado kwenye kipindi cha majaribio, unaweza kurudi kwenye kutafuta kazi huku kodi ya nyumba haingoji na nyumbani wanasubiri uwatumie pesa. Familia nzima ilichanga ili ufike kule. Haifai mchango wao uzimwe na injini iliyokosa joto la saa tatu.

Kwa hivyo ukishaandika orodha ya mambo ya kufanya ukifika, ongeza haya. Uliza soketi kabla ya nyumba. Chungulia grili kabla ya kulipia gari. Funga hita Septemba, weka taima, kisha ulale. Redio utainunua kwa mshahara wa Machi.