Ini Lililokatwa Hujengwa kwa Chakula

Tukisikia kwamba ndugu yetu amekatwa sehemu ya ini hospitalini, moyo hushtuka. Mkono uliokatwa hauoti tena. Je, ini litakuwaje? Tuondoe hofu. Kati ya viungo vikubwa vya ndani ya mwili, hakuna kinachojirudisha kama ini.

Mwaka 1931, huko Marekani, wataalamu Higgins na Anderson walikata theluthi mbili za ini la panya. Siku kumi hivi zilipopita, ini lilikuwa limekaribia uzito wake wa kwanza. Kwa mwanadamu kazi hiyo huchukua majuma na miezi. Ndiyo sababu mganga aweza kukata hata zaidi ya nusu ya ini lenye afya ili kuondoa uvimbe mbaya, na mgonjwa akaishi. Ndiyo sababu pia, mwezi wa Julai 1989, katika mji wa Brisbane, Australia, mama mmoja aliweza kumpa mwanawe kipande cha ini lake mwenyewe, mtoto akapona.

Tuelewe vizuri: kipande kilichoondolewa hakichipui tena. Sehemu iliyobaki ndiyo inayokua mpaka iitoshe kazi ya mwili, kisha huacha.

Nani huiamsha? Ni protini. Mwaka 1984, Nakamura na wenzake huko Japani walitambua, katika damu ya panya waliokatwa ini, protini inayoziamuru seli za ini zigawanyike. Protini za namna hiyo ni kama wajumbe wanaowaita mafundi kazini. Lakini fundi aliyeitwa hajengi bila matofali, na matofali ya seli ni protini pia. Hizo mwili huzipata katika chakula: tumbo huzivunja vipande vidogo, na damu huvipeleka moja kwa moja katika ini. Tena, wakati linapojijenga, ini haliachi kazi zake nyingine. Lazima litengeneze zile protini zinazogandisha damu jerahani na zile zinazozuia maji yasivimbishe mwili.

Basi, tunaona nini nyumbani mwetu? Mgonjwa akirudi, jamaa humpikia uji mwepesi tu, wakiogopa kwamba nyama, mayai na maharagwe vitalichosha ini. Hofu hiyo ina chanzo chake. Zamani waganga wenyewe waliwapunguzia wagonjwa wa ini protini, wakiogopa sumu ya amonia isipande kichwani. Lakini mwaka 2004 waganga wa Barcelona, Hispania, walilinganisha wagonjwa walionyimwa protini na wengine waliopewa za kutosha, wakaona kwamba kunyima hakukuleta faida yoyote. Siku hizi wagonjwa wengi wa ini huagizwa kula gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wao kwa siku. Mwenye kilo 60 ahitaji gramu 72 hadi 90.

Bukari wa mihogo peke yake haufikishi huko, kwa maana unga wa mihogo una protini kidogo mno. Gramu 100 za maharagwe makavu zina gramu 20 hivi. Yai moja lina 6. Ndakala waliokaushwa, karanga na viwavi vinasaidia sana, wala si vyakula vya matajiri. Mgonjwa asiye na hamu apewe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Tuongeze maneno mawili. Mwenye ugonjwa wa figo afuate kipimo cha mganga wake. Na pombe iwekwe mbali kabisa, kwa sababu ini lililojaa makovu hukua kwa shida.

Enyi mnaokaa kando ya kitanda cha mgonjwa, mganga amekwisha kukata na kushona. Kazi iliyobaki imo chunguni mwenu.