Ajali hii ina kinga

Majuma machache yaliyopita nilikwenda kwenye karakana moja ya juakali, viungani mwa jiji la Nairobi, kuagiza lango la chuma. Fundi niliyemkuta ni kijana aliyehitimu katika chuo cha ufundi, na kazi yake ilionyesha kwamba hakupoteza muda huko. Alikuwa akikata paipu ya mraba kwa grinda, ile mashine ya umeme ishikwayo mkononi, ambayo diski yake huzunguka kwa kasi na kukata au kusaga chuma. Macho yake yalikuwa wazi. Kinga ya diski, kile kipande cha bati kilichopinda kama mwezi mchanga, haikuwepo, na diski yenyewe ilikuwa kubwa kuliko mashine.

Nilipomuuliza kinga iko wapi, alinielekeza kwenye sanduku la vifaa. Niliikuta chini ya nyundo na koleo, rangi yake haijakwaruzwa hata kidogo.

"Mwalimu," akaniambia kwa heshima, "ajali haina kinga."

Kauli hiyo imenisumbua tangu siku ile, kwa sababu ni methali ambayo nimeifundisha mwenyewe darasani kwa miaka mingi, nikiwataka wanafunzi waieleze maana na matumizi. Sikuwahi kufikiri kwamba ingetumiwa kutetea kinga iliyolala sandukuni.

Msomaji asidhani kwamba kijana yule ni mjinga. Nilimwomba anitajie kanuni za usalama za karakana, akazitaja zote bila kusita, kama mtu asomaye shairi alilolihifadhi: vaa miwani, funga kinga, chomoa waya kabla ya kubadilisha diski, usivae nguo zinazoning'inia, shika mashine kwa mikono miwili. Alipata alama nzuri katika somo hilo. Hivyo basi, swali ninalotaka tulijadili leo, hasa sisi walimu, ni kwa nini mtu anayejua haya yote huiondoa kinga asubuhi ya kwanza ya kuinunua mashine.

Jawabu nililipata katika ile diski. Karakana nyingi zina grinda mbili: kubwa, itumiayo diski ya inchi 9, na ndogo, ya inchi 4 na nusu. Diski kubwa inapolika, mashine kubwa haiwezi tena kukatia vizuri, lakini bado diski ina nyama ya kutosha. Fundi anaona ni hasara kuitupa. Kwa bahati mbaya, tundu la katikati la diski hizo mbili lina kipenyo kimoja, milimita 22.23, kwa hivyo diski kuukuu ya mashine kubwa huingia katika mashine ndogo bila ubishi wowote. Kinachozuia ni kinga tu. Basi kinga huondolewa.

Mwenzangu afundishaye fizikia alinisaidia kupiga hesabu ambayo ningependa ifanywe katika kila darasa. Juu ya diski ya inchi 9 pamechapishwa onyo kwamba isizungushwe zaidi ya mara 6,600 hivi kwa dakika, na kwamba mwendo wa ukingo wake usizidi mita 80 kwa sekunde. Grinda ndogo, kwa kawaida, huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Hata kama diski imelika ikabaki inchi 7, ukingo wake ndani ya mashine ndogo utakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 360 kwa saa. Matatu zetu zimewekewa kikomo cha kilomita 80. Isitoshe, nguvu inayoivuta diski ipasuke haiongezeki sawasawa na mwendo, bali kwa mraba wake. Akifunga diski mpya ya inchi 9 katika mashine hiyo, nguvu hiyo hupita kikomo zaidi ya mara mbili na nusu.

Diski si kipande cha chuma, ingawa huonekana hivyo. Ni chembe ngumu zilizoshikamanishwa kwa gundi, na ndani yake mna wavu wa nyuzi za kioo. Gundi hiyo huzeeka na kudhoofishwa na unyevu. Ndiyo sababu kwenye pete ya bati iliyo katikati hupigwa chapa ya tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitatu tangu ilipotengenezwa. Sijaonana na fundi anayeisoma tarehe hiyo, na nakiri kwamba hata mimi sikujua kuwa ipo. Diski ikianguka sakafuni inaweza kupata ufa usioonekana, kisha ikapasuka siku nyingine kabisa. Ikipasuka pasipo kinga, vipande huruka mahali pale pale ambapo uso wa mtu uko.

Kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya kigeni haviitilii mkazo, kwa kuwa umeme kwao haukatiki ovyo. Grinda nyingi zina swichi inayojifunga, ili kidole kisichoke. Umeme unapopotea, fundi huiweka mashine chini na kwenda kunywa chai, akiwa amesahau kuizima. Unaporudi, mashine huamka yenyewe, ikarukaruka juu ya meza au miguuni mwa mtoto aliyetumwa kuleta vikombe. Kwa hivyo kanuni ya kwanza kwetu ingekuwa hii: umeme ukipotea, zima swichi na uchomoe waya papo hapo.

Yaliyobaki yanajulikana, ila hayazoeleki. Diski nyembamba ya kukatia isitumiwe kusagia kwa ubavu, maana haikuundwa kustahimili msukumo wa pembeni. Chuma kikatwacho kibanwe kwa jiriwa, kisishikwe kwa mguu. Kikijikunja na kuibana diski, mashine hurushwa kwa nguvu kumwelekea mshikaji, na ndiyo maana mkataji hasimami kwenye mstari wa diski. Diski mpya izungushwe kwanza bila kazi kwa muda wa dakika moja, ikiwa imeelekezwa mbali na watu. Cheche zielekezwe mbali na mtungi wa gesi na pipa la petroli. Anayekata mawe au vigae ajue kwamba vumbi lile lina silika, na silika huua mapafu polepole, bila kelele.

Miwani nayo ina kisa chake. Kijana yule amewahi kuingiwa na chembe za chuma jichoni mara mbili, na mara zote mbili alitolewa na mwenzake kwa ncha ya karatasi iliyokunjwa. Chembe ya chuma iliyotoka kwenye grinda huwa ya moto. Hugandia kwenye mboni na kuacha kutu. Hiyo ni kazi ya mganga wa macho. Alisema miwani humfanya asione mstari wa kukatia, na kwa kweli miwani aliyonionyesha ilikuwa imekwaruzwa hata ikafanana na kioo cha bafu. Miwani mpya ni bei ya diski chache tu, lakini hakuna mteja anayeilipia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kumshusha bei ya lango mara mbili kabla sijaanza kumhubiria juu ya usalama.

Wako watakaosema sheria ipo. Ipo kweli. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inahusu mahali popote watu wafanyapo kazi, si viwanda vikubwa pekee. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo, inamlinda aliyeajiriwa. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini, ukiwaacha wakulima wadogo, wako katika sekta isiyo rasmi. Fundi aliyejiajiri akipoteza jicho, hana mwajiri wa kumdai, na mkaguzi hajapata kufika kwenye kibanda chake.

Ndiyo maana narudi kwa walimu. Mtaala wa umilisi, ulioanza mwaka wa 2017, umerejesha masomo ya kiufundi yaliyokuwa yamefifia, na vyuo vya ufundi vinawapima wanafunzi kwa kazi ya mikono. Kuna pia utaratibu wa kuwatambua na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini bila kupitia chuoni. Hizi ni fursa njema, nami naziunga mkono. Hata hivyo, mtahini akipima lango lililokamilika bila kutazama lilivyokatwa, atakuwa anampima fundi nusu. Kwa maoni yangu, mtahiniwa anayewasha grinda isiyo na kinga asimamishwe pale pale, hata kama lango lake ni zuri kuliko yote. Vilevile apewe mezani diski tatu, moja yake imepita tarehe, moja haiwiani na mashine, na achague. Swali la "taja kanuni tano za usalama" lifutwe katika mitihani yetu. Limetuzalishia kasuku wa kutosha.

Serikali nayo, ambayo imesema mara nyingi kwamba milango na madirisha ya nyumba za bei nafuu yatengenezwe na mafundi wa juakali, ingeweza kuandika kinga na miwani ndani ya mkataba, pamoja na bei yake.

Lango langu lilikamilika juma lililopita. Nilipokwenda kulichukua, kinga ilikuwa imefungwa mahali pake na diski ilikuwa ya inchi 4 na nusu. Nilimlipa bei yake ya kwanza, ile niliyoikataa. Mwanagenzi wake, mvulana wa miaka kumi na mitano hivi, alikuwa ameshika upande wa pili wa paipu, akitazama cheche kwa macho makavu.