Picha Zetu Zinataka Majina

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu, wala hatukuhoji kwa nini maneno yale yaliyo chini ya mji yaitwe jina badala ya kuitwa maandishi. Mwanamke anayenunua kanga Darajani anaweza kuipenda rangi, akaupenda na mji, kisha akairejesha kwa sababu jina halimfai. Au linamfaa mno, naye hataki ugomvi na jirani. Zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaandikwa kwa za Kilatini. Herufi zilibadilika, lakini desturi ilibaki: nguo yenye picha haijatimia mpaka iwe na la kusema, na iliseme kwa Kiswahili.

Nimeanza na kanga ili nipate kuzungumzia picha za aina nyingine, zile za turubai. Pita nyuma ya Ngome Kongwe, ushike mtaa wa Gizenga uelekee Hurumzi. Kuta zimevikwa picha toka chini hadi juu: simba, twiga, Wamasai waliopangwa mstari kwa mashuka mekundu, mlima wenye theluji, majahazi, milango. Sina ugomvi na twiga, ingawa kisiwa hiki hakina hata mmoja, na kima punju wa Jozani, ambaye ni wa Zanzibar peke yake, simwoni mara nyingi ukutani. Mtindo huo wa wanyama wenye rangi kali umetoka kwa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya ubao, akafariki mwaka 1972. Miaka minne tu, na mpaka leo maelfu ya watu wanakula kwa jasho la mkono wake. Huo ni urithi wa kuheshimiwa.

Ugomvi wangu uko kwenye jina. Ukiuliza picha hii inaitwaje, utatajiwa bei. Ukishikilia swali lako, utapewa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya “mlango wa Zanzibar”. Huo ni mlango gani? Mlango wetu una kizingiti chenye nakshi, una mfaa uliosimama katikati, una misumari ya shaba, na mara nyingi una aya na mwaka juu yake. Mchoraji amevichora vyote hivyo kwa subira ya siku nyingi, halafu akavifuta vyote kwa maneno mawili. Na bahari vilevile. Picha mia za ngalawa zinaitwa “machweo”, tena kwa Kiingereza, ilhali mvuvi wa Nungwi anajua kama maji ni bamvua au mafu, kama upepo ni kusi au kaskazi, au kama tumo katika tanga mbili, ambapo pepo hazijaamua. “Tanga Mbili”: ni mchoraji gani angelikataa jina kama hilo? Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu alikuwa na maneno ya namna hii kwa magunia, na alitembea mitaa hii hii.

Hasara ya jina la kuazima si ya hisia tu. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame ambaye baadaye alikuwa balozi wa Tanganyika mjini London, alichora mwaka 1956 picha ambayo sasa imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Inaonyesha wanaume wakimpelekea bi harusi pombe ya ndizi usiku. Jina la picha hiyo limeandikwa kwa Kiingereza, na humo pombe ile inaitwa hivyo tu, pombe ya ndizi. Mchaga yeyote atakwambia ni mbege, na kwamba mbege haipelekwi harusini kama mtu anavyopeleka kreti ya soda. Neno moja likitoka, ada nzima inatoka pamoja nalo. Mwenzake wa Kilimanjaro, Elimo Njau, alifanya kinyume. Mwaka 1965 alishiriki kuanzisha nyumba ya sanaa Nairobi, ikaitwa Paa ya Paa. Yule mnyama paa anapaa. Hakuna mgeni atakayelielewa jina hilo bila kuelezwa, na hilo halikuwazuia wageni kuja.

Na yupo mzaliwa wa Zanzibar aliyelitia jina ndani ya kazi yenyewe. Lubaina Himid alizaliwa hapa mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, na mwaka 2017 akashinda Tuzo ya Turner. Katika kazi yake ya mwaka 2004 alikata mbao kwa umbo la watu, wenye kimo cha mtu, wakafika 100, akawapaka rangi. Ni watumwa waliohudumu katika majumba ya wakubwa wa Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu. Kila mmoja ana maneno machache yanayotaja jina lake la asili na jina alilobandikwa na bwana wake. Amechora pia kazi kadhaa kwa mtindo wa kanga, zikiwa na maneno kama ilivyo ada ya kanga. Maneno yenyewe ni ya Kiingereza, lugha aliyokulia, na simlaumu. Lakini ajabu ni kuwa yeye, aliye mbali, amekumbuka kwamba kanga husema, na sisi tunaoishi kati ya kanga tunatundika picha bubu.

Najua nitajibiwa nini. Mnunuzi ni mgeni, na mchoraji ana watoto wa skuli na kodi ya chumba. Ni kweli. Lakini mgeni huyo huyo hununua kanga asiyoweza kuisoma, na jambo la kwanza analotaka ni kufasiriwa jina. Kiswahili hakijaiangusha bei ya kanga. Isitoshe, tunapofanya maonyesho katika Mji Mkongwe na karatasi zote ukutani zikawa za Kiingereza, tumeshaamua nani asiingie. Mtoto wa Kikwajuni au Michenzani huvuka barabara ya Darajani kila siku. Kinachomzuia mlangoni ni zile karatasi. Mipango ya kuistawisha Ng'ambo ilipoitwa “Ng'ambo Tuitakayo”, mtu wa huko alijua kuwa anaulizwa yeye.

Lipo tatizo la msamiati, nasi watu wa lugha tunalibeba. Kuchora ni kazi ya kalamu, na pia ni kazi ya patasi. Kupaka rangi ni kazi ya anayepaka nyumba. Turubai hufunika lori. Karakana inanuka grisi. Lakini kwenye rangi zenyewe tuko matajiri kuliko tunavyodhani, kwa kuwa tumeziokota jikoni na shambani: manjano ni kiungo, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, kijivu ni jivu, kijani ni jani, na maji ya kunde kila mtu anayajua. Nikiwa mwalimu niliwahi kuwapa wanafunzi picha moja ya pwani waieleze bila kutumia neno “buluu”. Walihangaika, kisha wakaanza kuleta maneno ya bibi zao.

Kwa hivyo naomba jambo dogo kwa malenga wenzangu wa Unguja. Nendeni kwenye vyumba vya wachoraji. Keti kwenye kigoda, itazame picha hata nusu saa, mwulize alikuwa wapi alipoiona, kisha mpe jina, kama ambavyo ungetia kituo katika ubeti. Ukuta wa skuli ukichorwa na vijana wa mtaa, uachiwe nafasi chini, upana wa kiganja, kama ilivyo kwenye kanga, na wao wenyewe washindane kulitunga jina. Na karatasi ya maonyesho iandikwe hivi: jina la picha kwa Kiswahili, jina la mchoraji, mwaka, halafu “rangi ya mafuta juu ya turubai”. Tafsiri ya Kiingereza ifuate chini yake, kwa herufi ndogo.