Taa Isiyozimika: Maoni Juu ya Kutafuta Chanzo cha Kosa

Katika kazi ya ualimu kosa la mwanafunzi ni jambo la kila siku. Hata hivyo, katika maandalio mengi ya masomo kosa hupewa nafasi ndogo mno. Mwalimu hulitia alama ya kosa, huandika jibu sahihi ubaoni, huwaamuru wanafunzi kunakili masahihisho, kisha huendelea na mada ifuatayo. Baada ya wiki moja kosa lile lile hurudi, naye husema mtoto huyo ni mzito. Ni maoni yangu kwamba mara nyingi uzito hauko kwa mtoto, bali uko katika njia yetu ya kusahihisha. Ili kulieleza jambo hili nitatumia mfano kutoka katika gereji: taa ya onyo ya mfuko wa hewa katika gari aina ya pikapu.

Mfuko wa hewa hukunjwa ndani ya usukani, na mara nyingi mwingine huwekwa katika dashibodi mbele ya abiria. Gari ligongapo kitu kwa nguvu, kompyuta ndogo hupeleka umeme kwenye kiwashio, gesi hutoka, na mfuko hujaa kwa muda usiofikia sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nchini Marekani, sheria ilitaka magari madogo ya mizigo yanayoundwa tangu Septemba 1998 yawe na mifuko hiyo kwa dereva na abiria wa mbele. Leo pikapu nyingi katika barabara zetu zinayo pia. Kila dereva anapofungua swichi, kompyuta hiyo hujipima: taa huwaka kwa sekunde chache, halafu huzimika. Isipozimika, maana yake kuna hitilafu iliyogunduliwa, na ajali ikitokea huenda mfuko usifunguke.

Sasa tazameni, ndugu wanachuo, jinsi taa hiyo inavyoshughulikiwa. Wako watu wanaotoa balbu yake ili isiwasumbue. Wako wanaotumia mashine kufuta kumbukumbu ya hitilafu bila kugusa kitu kingine. Taa huzimika kwa siku chache, kisha huwaka tena. Wako pia wanaobadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, mpaka fedha za mwenye gari zinakwisha. Wote watatu wamefanya kosa moja la kufikiri: wameidhani taa ndiyo ubovu, hali taa ni mjumbe tu.

Fundi stadi huanza kwa kuuliza. Taa ilianza kuwaka lini? Je, ilikuwa baada ya betri kudhoofika, baada ya kiti kusogezwa, au baada ya maji kuingia ndani ya gari? Je, huwaka wakati wote au usukani unapokatwa tu? Maswali haya si ya kupoteza wakati. Chini ya viti mna viunganishi vya waya, aghalabu vya rangi ya manjano, ambavyo hulegea kiti kikisukumwa huku na huku. Ndani ya usukani mna utepe wa waya uliozungushwa kama springi ya saa, unaouwezesha usukani kuzunguka bila kukata umeme. Ukikatika, mara nyingi honi nayo hunyamaza. Kwa hiyo honi isiyolia ni ushahidi kwa fundi anayejua kusikiliza.

Baada ya maswali hufuata kusoma namba ya hitilafu kwa mashine. Hata hapo fundi stadi hakimbilii kununua kifaa. Namba humwambia ni njia ipi ya umeme yenye kasoro. Haimwambii kama kasoro iko katika waya, katika kiunganishi au katika mfuko wenyewe. Basi hutenganisha betri na kusubiri muda ulioelekezwa na waundaji wa gari, kwa sababu umeme uliohifadhiwa huweza kubaki ndani. Kisha huuondoa mfuko na kuweka mahali pake kipande cha kupimia chenye ukinzani sawa na wake. Hitilafu ikitoweka, ubovu uko katika mfuko. Ikibaki, uko katika njia inayofika hapo. Kamwe hapimi kiwashio cha mfuko kwa mita ya kawaida, maana umeme mdogo wa mita hiyo waweza kuulipua. Akimaliza kutengeneza, hufuta kumbukumbu na kuzungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho, aone kama taa itarudi. Kazi hii ni ya hatari, nami siwashauri wasomaji kuijaribu nyumbani. Nawashauri wajifunze utaratibu wake wa kufikiri.

Turudi darasani. Mtoto wa Darasa la Tatu ameandika 52 – 27 = 35. Kosa hilo ndilo taa. Chanzo chake ni nini? Huenda mtoto hutoa tarakimu ndogo kutoka katika kubwa bila kujali ipi iko juu: 7 toa 2 ni 5, na 5 toa 2 ni 3. Huenda pia anajua kuchukua kumi moja, akapata 12 toa 7 ni 5, lakini amesahau kwamba makumi yaliyobaki ni 4. Jibu ni moja, vyanzo ni viwili, na dawa zake ni mbali mbali. Wa kwanza hajaelewa maana ya kuchukua. Ahitaji vijiti na mafungu ya kumi. Wa pili ameelewa maana, ila anapoteza hatua moja. Ahitaji kuandika alama ya ukumbusho juu ya makumi.

Mwalimu atawatenganishaje? Awape swali lililochaguliwa: 83 – 46. Wa kwanza atapata 43. Wa pili atapata 47. Swali moja hili ndilo kipande chetu cha kupimia. Kumwandikia kila mmoja jibu la 37 na kumwambia alinakili mara 5 ni sawa na kufuta kumbukumbu ya kompyuta: taa imezimika, waya bado umekatika.

Mwalimu aangalie pia namna anavyouliza. Swali likiulizwa kwa ukali mbele ya darasa zima, mtoto hutafuta jibu la kumwokoa, wala haelezi alivyofikiri. Hapo kipimo chenyewe kimeleta madhara. Mwambie kwa upole, “Nionyeshe ulivyofanya,” kisha unyamaze usikilize.

Liko jambo jingine zito zaidi. Taa kuzimika si uthibitisho kwamba yote ni salama. Kampuni ya Takata ya Japani iliunda mifuko ya hewa ambayo kemikali yake iliharibika polepole kwa joto na unyevu; ilipofunguka katika ajali, baadhi ilipasua chombo chake na kurusha vipande vya chuma. Nchini Marekani peke yake mifuko kama milioni 67 iliamriwa kubadilishwa, na mwaka 2017 kampuni hiyo ilifilisika. Taa haikuwaonya madereva hao, kwa sababu njia ya umeme ilikuwa nzima. Ubovu ulijulikana kwa uchunguzi wa mifuko yenyewe, na mwenye gari huutambua kwa kuuliza namba ya chesisi ya gari lake.

Darasani nako kuna ubovu usiowasha taa. Wapeni watoto wale wawili swali la 68 – 25. Wote watapata 43, na wote watapewa alama ya vema. Mwalimu anayetoa maswali ya namna hiyo tu ataridhika na daftari safi, huku kanuni mbovu ikikomaa kichwani mwa mtoto hadi siku ya mtihani. Kwa hiyo jibu sahihi nalo lastahili kuulizwa, “Umelipataje?”

Najua pingamizi litakalotolewa: darasa lina wanafunzi wengi, na mwalimu hana muda wa kukaa na kila mmoja. Pingamizi hili lina uzito, lakini halivunji hoja. Makosa yanaweza kuwa mengi, lakini aina zake si nyingi kiasi hicho. Mwalimu akiyapanga madaftari katika mafungu kwa kufuata aina ya kosa badala ya idadi ya alama, atakuta kwamba analo jambo la kufundisha kwa vikundi vichache. Muda atakaoutumia ni mdogo kuliko ule anaoupoteza kurudia somo lote kwa darasa zima bila kujua anamponya nani.

Nashauri basi kwamba wakati wa mazoezi ya kufundisha kila mwanachuo aongeze katika andalio la somo sehemu mbili fupi: makosa anayoyatarajia, na swali atakalotumia kutenganisha vyanzo vyake. Baada ya somo aandike alichokiona. Wakufunzi nasi, tunapowakagua, tusihesabu tu zana zilizotundikwa ukutani. Tuulize mwanachuo amegundua nini juu ya fikira za wanafunzi wake. Mtoto aliyeitwa mzito kwa miaka saba hatoki shuleni na upungufu wa hesabu tu. Hutoka akiamini kwamba hawezi. Imani hiyo ni ngumu kuiondoa kuliko kosa lolote la kutoa.